Mcheza Kwao Hutuzwa? Uhakiki wa Heshima Wanazopewa Wachangiaji wa Kamusi Elezo Huru

Utangulizi

Katika harambee yoyote, iwe ya kujenga shule au ya kumpeleka mgonjwa hospitali, huja wakati ambapo orodha ya waliochanga husomwa hadharani. Jina hutajwa, kiasi hutajwa, na umati hupiga makofi. Msikilizaji makini hugundua kwamba orodha hiyo inaeleza zaidi ya majina: inaeleza pia ni kitu gani ambacho jamii hiyo imekubali kukihesabu. Aliyetoa fedha hutajwa. Aliyeamka alfajiri kuteka maji ya kuwapikia wageni aghalabu hatajwi. Kwa hiyo kushukuru si jambo la adabu tu, bali ni tendo la kuchagua. Na panapokuwa na uchaguzi, pana kazi kwa mhakiki.

Wikipedia, ambayo kwa Kiswahili imejipa sifa ya kuwa kamusi elezo huru, ni harambee ya aina hiyo. Ilianzishwa kwa Kiingereza tarehe 15 Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger, na toleo lake la Kiswahili likaanza mwaka 2003. Shirika la Wikimedia, lililoundwa mwaka huohuo wa 2003, huwalipa wahandisi, wanasheria na watumishi wake wengine; lakini haliwaajiri waandishi wa makala zenyewe. Makala huandikwa, husahihishwa na kulindwa na watu wanaojitolea. Kwa kuwa hakuna mshahara, suala la shukrani limekuwa zito tangu mwanzo, na katika kipindi cha zaidi ya miaka ishirini kumejengeka utaratibu mzima wa heshima: nyota, medali, sanamu, siku maalumu na tuzo za kila mwaka.

Makala hii inakusudia kuzisoma heshima hizo kama matini, yaani kuchunguza fani yake na maudhui yake, na hasa kile zinachokisifu na kile zinachokinyamazia. Hoja inayotolewa ni kwamba heshima hizi zimejifunza vizuri kushukuru bidii, lakini hazijajifunza kusoma lugha. Kwa Kiingereza upungufu huo unavumilika, kwa sababu wasomaji ni wengi na makosa huonekana upesi. Kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Kiafrika upungufu huo unagusa uhai wa kazi yenyewe.

Sahihi iliyo nyuma ya pazia

Kabla ya kuzungumzia sifa, hapana budi kueleza ni nani anayesifiwa. Katika mapokeo ya ushairi wa Kiswahili, jina la mtunzi lina mahali pake maalumu. Watunzi wengi wa tenzi walijitaja katika beti za mwisho, wakaeleza nasaba yao au mji wao, wakatia tarehe, na mara nyingine wakahesabu hata idadi ya beti ili asitokee mtu wa kuzipunguza au kuziongeza. Ngano, kwa upande mwingine, haina sahihi. Kila msimulizi huipokea, huipamba, kisha humwachia mwenziwe.

Makala ya kamusi elezo ina tabia ya pande zote mbili. Msomaji akiifungua haoni jina la mwandishi popote, kama vile asivyolijua jina la mtu wa kwanza kusimulia kisa cha Sungura na Fisi. Lakini nyuma ya kila makala upo ukurasa wa historia, ambao huhifadhi kila badiliko lililofanywa, saa na tarehe yake, na jina au alama ya aliyelifanya. Hata mkato uliohamishwa kutoka neno moja hadi jingine huandikwa hapo. Hivyo mwandishi hakufutwa. Amewekwa nyuma ya pazia, na yeyote anayetaka anaweza kulifunua.

Wengi wa waandishi hao hutumia lakabu. Msomaji wa Kiswahili haoni ajabu katika jambo hili, kwa kuwa kurasa za mashairi za magazeti ya Afrika ya Mashariki zilijaa malenga waliojulikana kwa lakabu zao kuliko kwa majina waliyopewa na wazazi. Lakabu iliweza kupata sifa, kujibiwa, kupingwa na hata kuliliwa. Katika kamusi elezo pia heshima huweza kushikamana na jina ambalo halina mwili nje ya kazi.

Historia ya kamusi za Kiswahili inaonyesha kwa nini pazia hilo si jambo dogo. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, ya Madan ya mwaka 1903, na ile ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939 ambayo vizazi vya wanafunzi viliiita kamusi ya Johnson, zote zilibeba majina ya Wazungu waliozisimamia. Wenyeji wa pwani waliotoa maneno, maana na mifano hawakufika kwenye jalada. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilifuata njia nyingine: mwandishi wake alitajwa kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na heshima ikawa ya taasisi nzima. Ukurasa wa historia wa kamusi elezo umewezesha kitu ambacho kamusi hizo hazikukifanya, yaani kujulikana kwa kila mkono uliogusa kila neno. Swali linalobaki ni kama kuna anayeusoma ukurasa huo.

Nyota ya ghalani

Heshima ya zamani na iliyoenea zaidi ni ile inayoweza kuitwa nyota ya ghalani. Asili yake ni mapambo ya umbo la nyota ambayo wakulima wa sehemu za mashariki ya Marekani huyapachika kwenye kuta za maghala yao. Wazo la kuitumia kama ishara ya shukrani lilitoka katika jumuiya nyingine ya waandishi wa mtandaoni iliyoitwa MeatballWiki, likaingizwa Wikipedia mwezi Desemba 2003. Sitiari iliyo ndani yake ni ya ujenzi wa pamoja: majirani hukusanyika wakaliinua ghala la mmoja wao, na nyota hupachikwa kuonyesha kwamba kazi imekwisha na ilikuwa ya wote.

Kwa msomaji wa huku, sitiari hiyo inakaribiana na msaragambo. Lakini ipo tofauti inayofaa kuangaliwa. Katika msaragambo malipo ya mtu ni chakula cha siku ile na uhakika kwamba kesho majirani haohao watafika shambani kwake. Sifa za maneno zipo, lakini hazisimami peke yake; zinashikwa na deni la ujirani. Katika kamusi elezo majirani hawaonani, hawali pamoja, na yamkini hawatakutana maishani. Nyota imewekwa mahali pa chakula kile. Imebebeshwa mzigo mkubwa kuliko unaobebwa na pambo la ukutani.

Kifani, nyota ni utanzu mfupi sana. Ina picha, ina kichwa cha habari, na ina sentensi moja au mbili zilizoandikwa katika nafsi ya pili, zikafungwa kwa jina la mtoaji na tarehe. Huwekwa katika ukurasa wa majadiliano wa mpokeaji, mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma. Hakuna kamati inayoitoa. Yeyote humpa yeyote. Wasikilizaji wa redio wa Afrika ya Mashariki wataikumbuka kadi ya salamu: ni fupi, ina fomula, inamtaja mtu mbele ya halaiki, na thamani yake haiko katika habari inayotoa bali katika kule kutajwa.

Fomula yenyewe ndiyo inayohitaji kuhakikiwa. Nyota nyingi husifu bidii, uvumilivu au wingi wa kazi kwa maneno ambayo yangeweza kuelekezwa kwa mtu yeyote. Ni chache zinazotaja tendo mahususi. Tofauti kati ya namna hizi mbili ni kubwa. Kumwambia mtu kwamba amefanya kazi nzuri ni kumwambia kwamba ameonekana. Kumwambia, kwa mfano, kwamba katika makala ya wanyama alitenganisha vizuri nyika, mbuga na hifadhi, maneno ambayo waandishi wengi huyachanganya, ni kumwambia kwamba amesomwa. Sifa ya kwanza hutolewa na mpita njia. Ya pili haiwezi kutolewa ila na msomaji.

Nguvu ya nyota hizi imethibitishwa na watafiti. Mwaka 2012 Michael Restivo na Arnout van de Rijt walichapisha jaribio ambamo waliwachukua wachangiaji kutoka ile asilimia 1 iliyofanya kazi nyingi zaidi katika toleo la Kiingereza, wakawapa baadhi yao nyota bila ya kuwachagua kwa sifa yoyote, ila kwa bahati nasibu. Katika siku 90 zilizofuata kazi ya waliopewa iliwazidi wenzao kwa asilimia 60. Mwaka 2017 Jana Gallus alitoa matokeo ya jaribio jingine lililofanywa katika toleo la Kijerumani, safari hii kwa wageni wa kazi. Tuzo isiyokuwa na fedha wala faida yoyote ya nje iliongeza kwa asilimia 20 idadi ya wageni waliobaki kazini katika mwezi uliofuata.

Matokeo haya yana funzo, lakini yanafaa kusomwa kwa makini. Kilichopimwa katika majaribio hayo ni wingi wa kazi na kubaki kazini. Usahihi wa yaliyoandikwa na ubora wa lugha ni mambo mengine. Zaidi ya hayo, jaribio la kwanza lilifaulu kwa nyota zilizotolewa kwa bahati nasibu. Maana yake ni kwamba sifa hufanya kazi hata pale ambapo aliyesifiwa hakusomwa. Kwa msimamizi wa kazi hiyo ni habari njema. Kwa mwanalugha ni onyo.

Sanamu, tuzo na mtu mmoja

Heshima nyingine zimetoka nje ya kurasa za kamusi. Tarehe 22 Oktoba 2014 katika mji wa Słubice, nchini Poland, ilizinduliwa sanamu ya kuwaheshimu waandishi wa Wikipedia, iliyobuniwa na mchongaji wa Kiarmenia Mihran Hakobyan. Watu wanne walio uchi wameinua juu tufe lililoundwa kwa vipande vinavyooana, ambalo ndilo nembo ya kamusi hiyo. Maandishi yake yanaielekeza heshima kwa maelfu ya waandishi wasiotajwa majina. Mchongaji amefanya uamuzi wa kisanaa unaoeleweka: kwa kuwavua watu wake nguo amewavua pia taifa, kazi na tabaka, ili kila mchangiaji ajione humo. Lakini uamuzi huohuo una gharama. Anayewaheshimu wote kwa sura isiyokuwa ya mtu hamheshimu yeyote kwa alichokifanya. Waandishi wanaandika kwa lugha zaidi ya mia tatu, na lugha ndiyo nguo ya kwanza iliyovuliwa.

Mwaka 2015 jumuiya nzima ya Wikipedia ilitunukiwa Tuzo ya Erasmus, yenye thamani ya yuro 150,000, na Mfalme Willem-Alexander akaikabidhi mjini Amsterdam mwezi Novemba. Kwa kuwa umati hauwezi kupanda jukwaani, watu watatu waliipokea kwa niaba ya wengine. Tatizo la sanamu likajitokeza tena kwa sura nyingine: kazi ni ya halaiki, lakini itifaki ya heshima haijui kumpa mkono mtu zaidi ya mmoja mmoja.

Tuzo ya tatu imelichukua tatizo hilo kwa upande wa pili. Tangu mwaka 2011 Jimmy Wales amekuwa akimtangaza mchangiaji wa mwaka, kwa desturi katika mkutano wa kila mwaka uitwao Wikimania, ambao mwezi Agosti 2025 ulifanyika Nairobi. Orodha ya waliotunukiwa inastahili kusomwa kama msomaji anavyosoma faharasa ya kitabu. Mwaka 2011 aliheshimiwa Rauan Kenzhekhanuly kwa ajili ya toleo la Kikazaki. Mwaka 2012 aliheshimiwa mchangiaji aliyejulikana kwa jina la Demmy tu, ambaye aliunda programu iliyotafsiri makala fupi zipatazo 15,000 kwa Kiyoruba. Mwaka 2014 tuzo ilitolewa kwa Ihor Kostenko, mwandishi wa habari wa Ukraine aliyekuwa ameuawa mjini Kyiv mwezi Februari mwaka huo. Mwaka 2016 waligawana Emily Temple-Wood na Rosie Stephenson-Goodknight, waliopigania wanawake wapewe nafasi katika makala na waandishi wa kike walindwe dhidi ya matusi. Mwaka 2018 zamu ilikuwa ya Farkhad Fatkullin na Kitatari chake. Kutoka Afrika wameheshimiwa Felix Nartey wa Ghana mwaka 2017, Emna Mizouni wa Tunisia mwaka 2019, na Sandister Tei wa Ghana mwaka 2020.

Orodha hii ina sifa ambayo haipaswi kupuuzwa. Haikukaa katika Kiingereza. Imezitazama mara kwa mara lugha zenye maandishi machache. Tuzo ya mwaka 2016 inaonyesha pia kwamba heshima inaweza kutaja hoja: ilisema wazi ni pengo gani lililokuwapo na ni nani aliyeanza kuliziba. Lakini pale lugha inapotajwa, kama katika Kikazaki na Kiyoruba, kinachosifiwa ni kukua. Lugha inahesabiwa kama ghala: magunia mangapi yameingia? Hakuna mahali ambapo mshindi ametangazwa kwa sababu ameandika lugha yake vizuri.

Hesabu na lugha

Sababu ya upungufu huo si ubaya wa nia. Idadi inaonekana na wote, hata na asiyejua lugha. Ubora wa sentensi unaonekana na wenye lugha peke yao. Mwaka 2012 Justin Knapp wa Marekani alipokuwa mtu wa kwanza kufikisha masahihisho milioni moja, tarehe 20 Aprili ilitangazwa kuwa siku yake. Hakuna anayehitaji kusoma hata sahihisho moja ili ajue kwamba milioni ni nyingi.

Hatari ya hesabu ilidhihirika mwezi Agosti 2020 katika toleo la Kiskoti. Iligunduliwa kwamba zaidi ya theluthi moja ya makala zake zilikuwa kazi ya kijana mmoja wa Marekani ambaye hakukijua Kiskoti. Alikuwa ameanza akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili, akichukua sentensi za Kiingereza na kubadilisha neno hili na lile kwa msaada wa kamusi. Kwa miaka mingi alikuwa miongoni mwa wasimamizi wa toleo hilo. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama kichekesho, lakini kiini chake ni cha huzuni. Kijana huyo hakuwa mwongo. Alikuwa mwenye bidii. Kila kipimo kilichokuwapo kilimwambia kwamba anafanya vyema. Kilichokosekana ni msomaji mmoja wa Kiskoti wa kumwambia mapema, kwa upole, kwamba hiyo siyo lugha. Wasomaji walipofika walifika wote kwa siku moja, na walikuja na kejeli. Hasara ikawa ya lugha, na ya mtoto pia.

Kiswahili hakiko katika hali ya Kiskoti, kwa kuwa wasemaji wake ni makumi ya mamilioni na waandishi wa kamusi elezo yake wanakijua. Hata hivyo mazingira ya heshima hayatofautiani sana. Mwaka 2009 na 2010 kampuni ya Google iliandaa shindano la uandishi wa makala za Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, zawadi zikiwa vifaa kama kompyuta na simu. Makala ziliongezeka kwa kasi. Shindano lilipokwisha, wengi wa washindani hawakuendelea kuandika. Mshindani hakuwa na kosa, aliitikia alichoitiwa.

Wingi usiosomwa huacha alama katika lugha. Mhakiki anayepitia maandishi ya kielimu yaliyotafsiriwa kwa haraka, katika kamusi elezo na kwingineko, hukutana na mkutano ambao umechukua mahali badala ya kufanyika, na mwanasiasa aliyecheza nafasi muhimu kana kwamba yuko uwanjani. Hukutana na mto unaokimbia badala ya kutiririka, na kila kiima kikitanguliwa na yeye au wao kana kwamba kitenzi cha Kiswahili hakina kiambishi cha nafsi. Sentensi hizi haziharibu ukurasa mmoja tu. Wanafunzi huzinakili, waandishi wa habari huzirudia, na siku hizi mitambo inayojifunza lugha kutoka mtandaoni huzimeza na kuzitapika upya. Kosa lililopewa nyota huzaa.

Itajibiwa kwamba lugha yenye waandishi wachache haina anasa ya kuchagua. Ianze kwa wingi, ubora utafuata. Haba na haba hujaza kibaba. Jibu hili lina uzito, na wachangiaji wa Kiswahili wenyewe wamelitafutia istilahi. Makala fupi isiyokomaa wameiita mbegu. Chaguo hilo ni zuri kuliko linavyodhaniwa. Kwa Kiingereza makala kama hiyo huitwa kwa neno la kisiki au kipande kilichobaki, yaani kitu kilichokatwa. Mbegu ni kitu kinachotarajiwa kuota. Lakini sitiari ikikubaliwa, ikubaliwe yote. Mbegu hairuhusu hesabu ya kupanda peke yake. Inadai palizi. Na hapo ndipo nyota ya ghalani inaposhindwa kuhama kutoka bara moja hadi jingine: hupachikwa juu ya jengo lililokwisha, wakati kazi ya Kiswahili iko shambani. Anayestahili kutazamwa zaidi ni mpalizi, ambaye hakuongeza hata makala moja, lakini aliipitia mbegu ya mwenziwe, akaing'olea magugu ya tafsiri na kuipa sentensi inayosimama.

Kwao ni wapi?

Katika matoleo makubwa upo utaratibu mmoja unaokaribia palizi hiyo, nao hauzungumzwi sana kwa sababu hauna sherehe. Ni ule wa makala teule. Makala huwekwa mbele ya wachangiaji wengine, ikasomwa aya kwa aya, ikahojiwa vyanzo vyake, mpangilio wake na, katika toleo la Kiingereza, hata ufasaha wa nathari yake, ambao umetajwa waziwazi miongoni mwa vigezo. Ikifaulu, nyota ndogo ya rangi ya shaba huwekwa juu ya makala yenyewe. Nyota hii haikupachikwa kwa mtu bali kwa matini, na imetanguliwa na kusoma. Ni heshima kwa njia ya uhakiki.

Utaratibu huo unahitaji kitu ambacho lugha ndogo za mtandaoni hazina, nacho ni wasomaji wengi wenye ujuzi. Kwa Kiswahili wasomaji hao wapo, ila hawapo ndani ya kamusi elezo. Wapo katika idara za lugha. Wapo katika vyuo ambako mwanafunzi huonywa asiitaje Wikipedia katika tasnifu yake, na ambako mhadhiri anayetaka kupandishwa cheo huhesabiwa vitabu na makala za majarida, wala hahesabiwi saa alizotumia kuisahihisha makala inayosomwa na maelfu ya wanafunzi wa sekondari. Onyo kwa mwanafunzi lina sababu nzuri, kwa kuwa kamusi elezo ni mlango wa utafiti, na mtafiti hakai mlangoni. Lakini mlango mbovu hausahihishwi kwa kuwakataza watu kuutaja, hali kila mmoja anaupitia.

Mcheza kwao hutuzwa, husema wahenga. Mchangiaji wa kamusi elezo ya Kiswahili anacheza kwao, kwa maana ya lugha. Tuzo zake, kama zipo, zimetoka Słubice, Amsterdam na katika mikutano ya kimataifa, kwa watu ambao hawawezi kuusoma mchezo wenyewe. Wanaoweza kuusoma ndio walionyamaza. Nao wangeweza kusema bila ya fedha na bila ya kuunda kamati mpya. Kila toleo la makala lina anwani yake ya kudumu, kwa hiyo mhakiki anaweza kulitaja na kulijadili kama anavyojadili chapa ya kitabu, bila ya hofu kwamba litageuka kesho yake. Jarida la idara linaloweza kutenga kurasa kwa ajili ya riwaya mpya laweza kutenga ukurasa mmoja kwa makala za kamusi elezo kuhusu fasihi, kilimo au sheria: ikaonyeshwa istilahi iliyobuniwa vizuri, ikakosolewa sentensi iliyotafsiriwa vibaya, na lakabu ya aliyeiandika ikatajwa kama inavyotajwa lakabu ya malenga. Zoezi la tafsiri ambalo mwanafunzi huliandika, likasahihishwa na kutupwa, laweza kuwa palizi ya mbegu iliyopo, na wino mwekundu wa mwalimu ukawafaa watu nje ya darasa.

Ipo hatari hapa pia, nayo isifichwe. Msomi anayeingia katika kazi ya wengine kwa sauti ya mkaguzi huweza kuwafukuza waliovumilia miaka bila ya msaada wake. Wachangiaji wa Kiswahili wamewaita wasimamizi wao wakabidhi, yaani watu waliokabidhiwa mali isiyokuwa yao. Neno hilo linawafaa wahakiki vilevile. Kisa cha Kiskoti kinafundisha kwamba ukosoaji uliochelewa na uliojaa kejeli huharibu kama kunyamaza.

Hitimisho

Heshima zilizochunguzwa zinakamilisha kazi mbalimbali. Nyota ya ghalani humwambia mtu kwamba ameonekana, na majaribio yamethibitisha kwamba kuonekana kunamfanya aendelee. Sanamu huutaja umati na kumsahau mtu. Tuzo ya mwaka humtaja mtu na, mara nyingi, huipima lugha yake kwa wingi. Makala teule peke yake huweka kusoma kabla ya kusifu, lakini inawahitaji wasomaji ambao kwa Kiswahili wamebaki nje ya uwanja.

Ukurasa wa historia uko wazi. Majina na lakabu za waliokipa Kiswahili kamusi elezo yake yameandikwa humo pamoja na saa walizofanya kazi, nyingi zikiwa za usiku, baada ya ajira za mchana. Kamusi za 1882, 1903 na 1939 hazikuacha kumbukumbu ya aina hiyo, na leo mtafiti anayetaka kuwashukuru waliotoa maneno yake hukosa pa kuanzia. Safari hii kumbukumbu ipo. Ikiwa miaka hamsini ijayo mtafiti mwingine ataikuta haikupata kusomwa na idara hata moja ya lugha ya Kiswahili, hataweza kusema kwamba majina hayakuandikwa.